Kifua cha dereva nacho kipimwe

Nina dukuduku juu ya afya ya madereva wa magari ya biashara, hasa wa daladala na malori, ambao sisi wakazi wa Temeke, Kinondoni na vitongoji vyote vya jiji hili tunawakabidhi roho zetu asubuhi na jioni.

Siku moja katika masika ya mwaka 2024 nilipanda daladala Mbagala Rangi Tatu kwenda Makumbusho. Mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli, madirisha yote yamefungwa, na abiria tumesimama tumebanana hadi mlangoni. Dereva alikuwa anakohoa. Alianza kabla hatujafika Zakhem, akaendelea Mtongani, na tulipokaribia Uhasibu kikohozi kilimshika mfululizo hata akainamia usukani. Gari likayumba, na bodaboda aliyekuwa anatupita akapiga honi na matusi juu. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele akasema, "Pole mwanangu, kikohozi hicho umekwenda kukitazamisha?" Konda akamjibia, "Vumbi tu hilo, mama." Mama akauliza, "Vumbi gani na mvua yote hii?" Watu wakacheka, safari ikaendelea.

Mimi sikucheka, maana kikohozi kile nakifahamu. Niliendesha daladala kuanzia mwaka 1993 hadi 2014, kwanza vipanya, halafu Coaster, katika njia za Temeke, Mwenge na Tegeta. Mwaka 2011 nilikwenda kubadilisha leseni yangu ya zamani ili nipate hii ya kadi iliyoanza kutolewa mwaka 2010. Nilitakiwa kuwa na cheti cha daktari. Nilisimama mbele ya ubao wa herufi, nikazisoma kwa jicho moja moja, nikaulizwa kama nina kifafa, nikasema sina. Basi, mhuri ukagongwa. Shati langu halikufunguliwa hata kifungo kimoja. Wenzangu kadhaa wa kijiweni hata huo ubao hawakuuona: walipeleka fomu na pesa, fomu ikarudi na mhuri. Sitaji zahanati wala mtu, kwa kuwa sikuandika barua hii ili kushtaki.

Mwaka uliofuata, 2012, nilianza kukohoa. Nilinunua dawa ya maji dukani, nikanywa tangawizi, nikameza vidonge nilivyoelekezwa na rafiki. Usiku nilitokwa jasho hadi shuka linalowa, na mwili ukapungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Pamoja na hayo niliendelea kuendesha kwa karibu miezi mitatu. Wasomaji wataniuliza kwa nini sikwenda hospitali. Jibu ni hesabu. Dereva wa daladala wa aina yangu hakuwa na mshahara. Alikuwa na hesabu ya tajiri ya kupeleka kila jioni, na kilichobaki baada ya mafuta ndicho chake na konda wake. Asipotokea siku moja, deiwaka anakalia kiti. Akikosa wiki mbili, kiti hicho si chake tena. Na kweli, nilipogundulika kuwa na kifua kikuu nikamweleza tajiri wangu wa wakati ule, alinipa pole na nauli ya kwenda kwenye dawa, na funguo akampa mtu mwingine siku ileile. Simlaumu sana, naye alikuwa na mkopo wa gari lile. Lakini nilikaa miezi minane bila gari, na huku mwezi wa pili tu wa dawa nilikuwa na nguvu za kubeba gunia.

Katika ile miezi mitatu nilibeba abiria wangapi? Coaster ikichukua watu 30 kwa safari moja, na safari nane kwa siku, ni watu 240. Sipendi kuendelea na hesabu hiyo. Konda wangu, kijana niliyemchukua kama mdogo wangu, alianza kukohoa mwaka uliofuata. Siwezi kuapa kwamba alikipata kwangu, na yeye hakuniuliza.

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba hayo ni mkosi wangu peke yangu. Sivyo. Mwaka 2017 watafiti, wakiwamo wa Taasisi yetu ya Afya ya Ifakara, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya hapa hapa Dar es Salaam. Walipima hewa katika masoko, magereza, shule, kumbi za starehe, nyumba za ibada na ndani ya daladala. Walichokipima ni gesi ya ukaa, yaani ile tunayoitoa tunapopumua. Hewa ya ndani ikiwa na gesi hiyo kwa wingi, maana yake ni kwamba watu wanavuta tena pumzi zilizokwisha kutoka katika vifua vya wengine, na kifua kikuu husafiri kwa njia hiyo hiyo. Kisha wakakadiria hatari ya mtu kuambukizwa kwa mwaka mmoja. Wafungwa magerezani walikuwa wa kwanza, asilimia 41.6. Wa pili hawakuwa wauza soko, ambao walikuwa asilimia 4.8, wala wanafunzi, asilimia 4.0. Wa pili walikuwa madereva wa magari ya abiria, asilimia 20.3. Abiria mwenyewe alikuwa asilimia 2.4 tu.

Naomba tuelewane hapo, maana takwimu za namna hii huweza kuwatia watu hofu bure. Hayo ni makadirio ya hesabu, na kuambukizwa si kuugua. Walio wengi walioambukizwa hukaa na vimelea hivyo maisha yao yote bila kuumwa. Madaktari husema ni kama watu 5 hadi 10 katika kila 100 ndio watakaougua siku moja. Lakini tofauti kati ya dereva na abiria inajieleza. Mimi abiria nashuka Makumbusho baada ya saa moja na nusu, navuta hewa yangu. Dereva anageuza gari na kupakia wengine. Anaingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa nne usiku. Kila anayekohoa katika njia hiyo, kutoka Rangi Tatu hadi Mwenge, amemkohoa yeye. Na siku akiugua yeye, basi yeye ndiye anayewakohoa wote.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaijui. Kikohozi kikali cha mfululizo kinaweza kumfanya mtu apoteze fahamu kwa sekunde chache, kwa sababu wakati wa kukohoa damu haipandi vizuri kichwani. Nyumbani mtu huyo ataanguka juu ya mkeka na kuinuka. Lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde tatu ni zaidi ya mita 40, na kati ya Mtongani na Uhasibu mita 40 ni genge la mama ntilie, kituo cha bodaboda na watoto wa shule. Tukiona ajali gazetini tunasoma "mwendo kasi" na "uzembe wa dereva". Sijaona bado ajali ambayo mtu aliuliza kifua cha dereva kilikuwaje.

Sheria hatuna upungufu nazo. Tunayo Sheria ya Usalama Barabarani tangu mwaka 1973. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inataka mfanyakazi apimwe afya na daktari kufuatana na kazi anayoifanya. Tunayo LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, na ambayo imekwisha kuanza kuwatahini madereva wa magari ya biashara na kuwapa vyeti. Kinachopungua ni kwamba vyombo hivi vinapomtazama dereva vinatazama macho, vinatazama kichwa chake kama anajua alama, na barabarani vinatazama pumzi yake kama ina pombe. Mapafu yenyewe hayana mwenyewe. Aidha, leseni siku hizi hudumu miaka mitano. Huo ni muda mrefu sana kwa kifua cha mtu. Mimi nilipimwa mwaka 2011 na mwaka 2012 nilikuwa mgonjwa. Huko Marekani cheti cha daktari cha dereva wa gari kubwa la biashara hakizidi miezi 24, na masharti yake yanataja waziwazi ugonjwa wa kupumua unaoweza kumzuia dereva kulimudu gari. Sisemi tuige kila kitu cha Marekani; nasema miezi 24 si muda wa ajabu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua wapo watakaosoma hadi hapa na kusema: sawa, wapimwe, na mwenye kifua anyang'anywe leseni. Ndugu Mhariri, hilo likifanyika tutakuwa tumeharibu kuliko tulivyokuwa. Dereva akijua kwamba kipimo cha kifua ni mlango wa kutokea kazini, hatapimwa. Atanunua mhuri, kama wenzangu walivyoununua, na atakohoa kimya kimya ameziba mdomo kwa leso. Mwezi Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, watu tukatembea kwa miguu, na moja ya sababu ilikuwa sharti la kurudi shule kila wanapohuisha leseni. Mwezi Mei mwaka huohuo wakagoma tena wakidai mikataba ya ajira. Watu wengi waliona ni ukorofi wa madereva. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha usukani, lakini niliwaelewa. Sharti likimwangukia mtu asiye na mkataba, gharama yake yote inakuwa juu yake, na tajiri hagusi chochote.

Hebu tuangalie sheria nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida anatumia dawa miezi sita, lakini hahitaji kukaa nyumbani miezi sita. Kwa kawaida, baada ya wiki mbili hivi za dawa zinazomfaa, hatari ya kuwaambukiza wengine huwa imepungua sana, na daktari humwambia lini arudi kazini. Basi dereva mwenye mkataba angekaa nyumbani wiki chache kwa mshahara wake, siku hizo 126 zisiguswe hata nusu, na kiti chake akakikuta. Dereva asiye na mkataba hana hata siku moja. Ndiyo maana nasema kifua na mkataba ni kesi moja, na anayetaka kulitatua la kwanza bila la pili anajisumbua.

Dawa zenyewe ni bure katika vituo vya Serikali. Kupima makohozi ni bure, na mashine za siku hizi zinatoa jibu kwa saa mbili hivi. Wenzetu wa Morogoro, pale SUA, wamefundisha hata panya buku kunusa makohozi na kutambua ugonjwa huu. Nchi ambayo panya wake wanajua kifua kikuu haiwezi kusema imeshindwa kumpima dereva. Na jambo la kujivunia zaidi ni hili, ambalo vijana wengi hawalijui: mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na namna ya kuwatibu wagonjwa iliyojaribiwa hapa chini ya mtaalamu Karel Styblo ndiyo iliyokuja kuchukuliwa na Shirika la Afya Duniani kama mfano kwa nchi nyingine katika miaka ya 1990. Tuliwafundisha wengine. Hata hivyo, katika orodha ya shirika hilo ya mwaka 2021 hadi 2025 bado tumo miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba daktari wa leseni na daktari wa kifua wanapaswa kujuana. Miongoni mwa dawa nne anazoanza nazo mgonjwa kuna moja iitwayo ethambutoli. Kwa wagonjwa wachache dawa hiyo husumbua macho, na mara nyingi kinachotangulia ni kutofautisha rangi nyekundu na kijani. Fikiri dereva aliyejificha, anayemeza vidonge vyake kwa siri kituoni, kisha anafika kwenye taa za Tazara na haoni vizuri rangi iliyowaka. Angekuwa wazi, angeulizwa habari za macho kila anapochukua dawa, na dawa hiyo kwa kawaida ni ya miezi miwili ya mwanzo tu. (Dawa nyingine hugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa. Mimi siku ya kwanza nilidhani nimefika mwisho wangu, mpaka nesi aliponicheka.)

Nimesema sana juu ya daladala kwa sababu ndiko nilikotoka, lakini malori yasisahauliwe. Nendeni Kurasini mkaone. Dereva na utingo wake wanasubiri mzigo siku mbili tatu, wanalala ndani ya kabini vioo vimefungwa kwa ajili ya mbu, kisha wanakwenda hadi Tunduma na kuvuka mpaka, wiki kadhaa nje ya nyumbani. Huyo akianza dawa Temeke, nani atampa dozi yake akiwa njiani? Kitambulisho chake cha mgonjwa kinapaswa kupokewa kituo chochote cha njia ile bila maswali mengi. Tena kuna moshi wa dizeli, ambao mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, hasa ya mapafu. Madereva wa malori na wapiga debe wanaovuta moshi huo kutwa nzima ni watu wa kupimwa, hata wasiokohoa.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wahusika ni haya. Fomu ya daktari ya leseni ya gari la biashara iongezwe swali la kikohozi cha wiki mbili au zaidi, daktari asikilize kifua, na anayekohoa apimwe makohozi palepale. Kipimo hicho kifanyike kila baada ya miaka miwili, kisisubiri leseni iishe. LATRA isimpe mwenye gari leseni ya njia mpaka aonyeshe mkataba wa dereva wake. Jina la dereva aliyeanza dawa lisipelekwe kituoni wala kwa askari, bali apewe cheti cha likizo kama mgonjwa mwingine yeyote. Na wapimaji wawafuate madereva vituoni, Rangi Tatu, Tandika, Makumbusho, Tegeta, wakati magari yanasubiri foleni, kwani dereva hatoki kwenye foleni kwenda kutafuta daktari.

Na sisi abiria tufungue madirisha. Wakati wa korona mwaka 2020 iliamriwa daladala zisimamishe mtu, watu wakae vitini tu, na ikawezekana. Nakumbuka hewa ya ndani ilivyokuwa. Baadaye tukarudi kubanana kama kawaida, na anayefungua dirisha anaambiwa anapitisha vumbi.

Siku ile ya masika tulipofika Makumbusho niliwaacha abiria washuke, nikamsogelea yule dereva. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi pia nilikuwa dereva. Kikohozi hicho nilikuwa nacho, nikapona. Nenda ukapime." Alinitazama kwa heshima, akanijibu taratibu ili konda asisikie: "Nashukuru, mzee. Lakini nikienda leo, kesho gari hili lina mtu mwingine." Kisha akapiga honi kuita abiria wa kurudi Mbagala.

Nilishindwa kumwambia kwamba anakosea. Naomba wahusika wa leseni, wa afya na wa kazi wanisaidie jibu la kumpelekea, kupitia ukurasa huu huu.

Dereva Mstaafu,
Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.